Kimya cha Mwisho Si Changu

Saa sita na nusu za usiku, na Mwembe Tayari bado haijalala. Basi la Nairobi linanguruma chini ya dirisha letu, makanga anaita "Nairobi moja, moja Nairobi," hali mimi na yeye tunajua viti kumi bado viko wazi. Niko kitandani, kompyuta mapajani, visikizi masikioni, natazama Sound of Metal kwa mara ya tatu. Zimebaki dakika tatu iishe. Nautaka ule mwisho tena, manake mara mbili za kwanza ulinitoa machozi, na mara zote mbili sikujua kama nalia kwa uzuri wake au kwa hasira.

Sasa najua. Ni vyote viwili, lakini hasira ndiyo imebaki.

Kama hujaiona filamu yenyewe, nitakuharibia mwisho wake. Nisamehe mapema. Huo mwisho ndio nimekuja kuuzungumzia.

Mwanamume mmoja amekaa kwenye benchi Paris. Kichwani amevaa vifaa viwili vya kumsaidia kusikia. Kengele za kanisa zinalia, lakini kwake hazilii kama kengele. Zinakwaruza, kama mtu anayeburuta mabati juu ya saruji. Anavumilia kidogo. Kisha anavua kifaa kimoja, anavua na cha pili. Kimya. Anatazama huku na huku, uso unalegea. Filamu inaisha.

Walioipenda filamu hii huutaja mwisho huo kwanza, na sitabishana nao. Ila mimi, kimya kile kilipoingia, nilisikia kitu ambacho mwongozaji hakukiweka. Nilisikia iiiiiiii. Ule mlio wangu, ninaolala nao na kuamka nao. Ruben alipata kimya. Mimi, dakika ile ile, nilibaki na kelele zangu peke yangu, bila hata muziki wa kuzifunika.

Tuipe filamu haki yake kwanza. Sound of Metal ni ya Darius Marder. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2019, wengi wetu tukaiona mwisho wa 2020 ilipoingia Amazon, na mwaka 2021 ikabeba Oscar mbili, moja ya sauti na moja ya uhariri. Riz Ahmed ni Ruben, mpiga dramu anayezunguka Marekani na mpenzi wake Lou ndani ya gari ambalo pia ndilo nyumba yao. Siku moja masikio yanamgeuka. Kwanza ni mlio, halafu dunia inazama. Watu wanasema naye na yeye anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji. Ruben ana miaka minne tangu aache heroini, kwa hivyo Lou anaogopa atairudia, na wanampeleka kwenye kituo cha viziwi wanaojinasua na ulevi. Kituo kinaongozwa na Joe, mzee aliyepoteza usikivu vitani Vietnam. Joe anamfundisha kukaa tu. Kila alfajiri chumba, kahawa, karatasi na kalamu. Andika mpaka uweze kutulia.

Ruben hatulii. Anauza vyombo vyake vya muziki, anauza na gari lile, ili alipie upasuaji wa kuwekewa vipandikizi vya koklea. Joe anamwambia aondoke. Pale kituoni hakuna mtu anayeuona uziwi kuwa kitu cha kutengenezwa, na mtu aliyekwenda kutengenezwa anawavunja nguvu wenzake. Kisha vipandikizi vinawashwa, na sauti inayoingia ni ya mashine. Sauti za watu zinatoka kama redio iliyokosa stesheni. Kazi hii ya sauti, iliyoongozwa na Nicolas Becker, ndiyo sababu ya kuitazama filamu ukiwa umevaa visikizi. Sijawahi kuona filamu nyingine inayokuweka ndani ya sikio la mtu namna ile.

Hapo ndipo inaponiuma. Waliweza kuniingiza ndani ya sikio la Ruben mpaka nikasahau langu, halafu dakika ya mwisho wakalisafisha sikio lenyewe, likawa tupu.

Langu lilianza baada ya harusi. Ama niseme, ndipo nilipoligundua. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka miwili ya kwenda chuo kwa matatu yenye spika chini ya kiti cha nyuma, na mimi kiti cha nyuma ndicho nilichokipenda. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila kujidhuru sana, na kila sauti ikipanda, muda unapungua haraka. Matatu ile ilikuwa imeshazipita 80 zamani. Halafu ikaja harusi ya binamu yangu, ukumbi mdogo, spika refu kama mlango, na mimi nimewekwa meza ya kando yake. Nilirudi nyumbani masikio yanavuma. Nikasema yatatulia asubuhi. Asubuhi ikaja, mvumo umekuwa mwembamba, mkali, kama nyenje aliyenasa ndani ya fuvu. Hajatoka hadi leo. Huu ni mwaka wa nne.

Nyanya yangu alikuwa wa kwanza kunipa maelezo. "Sikio likilia, watajwa huko," aliniambia. "Mswalie Mtume." Nikamswalia. Nikawa najiuliza ni nani huyu asiyechoka kunitaja, mchana na usiku, hata Ramadhani.

Daktari wa kwanza aliniosha masikio. Wa pili alinipima, akaniambia masikio yangu ni mazuri isipokuwa pale juu kabisa, kwenye sauti nyembamba, ambapo mstari umeshuka kidogo. Akaniambia nizoee. Hakunieleza kuzoea kunafanywaje.

Kilichonishangaza zaidi ni kitu cha pili, kilichokuja miezi michache baadaye. Sauti za kawaida zikaanza kuuma. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake barazani, nashtuka kama nimepigwa kofi. Sufuria ikianguka, mwili mzima unakaza. Tuktuk ikipiga honi, najikuta nimekunja mabega mpaka masikioni. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba sikio likipunguza habari linazotuma, ubongo nao unapandisha volyumu kutafuta kilichopotea. Ndiyo unasikia mlio usiokuwepo, na ndiyo kijiko kinakuwa radi. Mimi nikafanya lile ambalo kila mtu angelifanya. Nikaziba masikio kwa pamba kutwa nzima. Kumbe kuziba ni kuuambia ubongo uongeze volyumu tena.

Chuo kilinishinda mwaka wa tatu. Ukumbi wa watu mia mbili, viti vya chuma vinavyoburutwa, jenereta nje ya dirisha. Sikufukuzwa, wala sikufeli. Nilianza kukosa darasa moja, kisha mawili, kisha nikawa siendi. Mtu akiniuliza kwa nini niliacha, nasema karo. Karo inaeleweka.

Sasa nipeleke mlio huu kwa sinema, uone unavyotumika. Bila shaka umeshausikia. Ni filamu ya vita, bomu linalipuka karibu na shujaa, sauti zote zinafifia, kunabaki tiiiiii moja ndefu. Saving Private Ryan ya 1998 ilituzoesha dunia ile iliyofifia masikioni mwa askari ufukweni, na baada yake kila mtu akaichukua mbinu. Sekunde kumi, kumi na tano, halafu mhariri anaizima. Risasi zinarudi, hadithi inaendelea. Kwenye sinema, mlio wa masikio ni kitu kinachoisha shujaa akishasimama.

Mimi nikienda sokoni napita zile sanamu za askari wa shaba, hapa hapa Jomo Kenyatta Avenue, zilizosimamishwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji wengi hawazitazami tena, ni mahali pa kuambiana "tukutane hapo." Zamani na mimi nilikuwa sizitazami. Siku hizi nawatazama masikio. Nawaza waliorudi wazima, wakiwa na bunduki na mizinga ndani ya vichwa vyao, wakakaa barazani na watoto wao, na hakuna aliyewaandikia kwamba kile wanachosikia kina jina.

Halafu kuna Baby Driver ya Edgar Wright, ya 2017. Hapa angalau mlio una mwenyewe. Kijana dereva wa majambazi aliumia utotoni katika ajali ya gari iliyowaua wazazi wake, akabaki na uvumi masikioni, na ndiyo sababu anasikiliza muziki saa zote. Filamu nzima inachezeshwa kwa nyimbo zake, risasi zinapigwa kwa mdundo, hata hatua za miguu. Ni raha tupu kuitazama. Rafiki yangu mmoja, tangu aione, ananiambia nina kipaji. Wallahi. Ananiambia nijaribu kuendesha gari.

Nilichojifunza kwenye Baby Driver ni kufunika. Nikapakua programu ya mvua kwenye simu, nikawa nalala na mvua ya Ulaya kila usiku, juu ya mabasi, juu ya nyenje. Inasaidia. Lakini ubaya wa kufunika ni kwamba siku ukifunua, kitu kiko pale pale, tena kimepumzika. Betri ikiisha saa tisa usiku, unarudi mwanzo. Filamu ile haina saa tisa usiku. Baby akipoteza muziki wake ni kwa sababu adui kauvunja, kwa hivyo kuna wa kupigana naye.

Hayo yananileta kwenye vifaa, na kwa mamangu.

Mwaka jana nilipata mtaalamu wa usikivu, hapa hapa mjini, aliyekaa nami saa nzima. Akanieleza matibabu yaliyotokana na kazi za Pawel Jastreboff, ambaye mwaka 1990 alitoa hoja kwamba mlio wenyewe si tatizo kubwa kama vile ubongo unavyoupokea, kama king'ora cha hatari. Mtu akishonewa shati jipya, siku ya kwanza analihisi shingoni, wiki ya pili hajui kama limo. Nia ni kuufikisha ubongo pale. Unavaa vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, vinatoa shhhh laini, kama bahari ukiisikia kutoka Mama Ngina kabla hujaiona. Na shhhh hiyo haitakiwi kuufunika mlio. Inatakiwa iwe chini yake kidogo, ubongo uvisikie vyote viwili pamoja, mpaka uchoke kushtuka. Kwa lugha ya filamu, ni kinyume kabisa cha Baby Driver.

Bei ilikuwa shilingi elfu themanini. Mimi naandika makala ya elfu tatu, elfu nne, nalipwa baada ya miezi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kama mtu anayesimulia habari za watu wengine. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye aliniwekea bahasha juu ya kompyuta. Ilikuwa zamu yake kwenye chama, na zile pesa zilikuwa za friji ya biashara yake ya juisi. Nikamwambia, "Mama, hivi vitu havina hakika." Akanijibu, "Hata friji haina hakika."

Ruben aliuza nyumba yake yenye magurudumu. Mimi niliuza friji ya mamangu. Ndiyo maana ile sehemu ya filamu anapowashiwa vipandikizi huwa naitazama nimeshika mto. Daktari anabonyeza, Ruben anasikia, na uso wake unafanya kazi ngumu kuliko maneno yoyote: anajaribu kushukuru. Amelipa mno asiweze kusema "sivyo nilivyotarajia." Riz Ahmed angestahili tuzo kwa sekunde zile peke yake.

Lakini angalia filamu inachokifanya baada ya hapo. Vipandikizi vya kweli huuchukua ubongo miezi mingi kuvijifunza, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na sauti inayoanza kama ya mashine wengi huizoea, wakaongea kwa simu, wakasikiliza redio. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo daktari yeyote angemwambia Ruben. Filamu hainyimi tu habari hiyo, inaihitaji isiwepo. Inataka kifaa kishindwe haraka, ili kushindwa kwake kuwe fundisho. Ulitaka kutengenezwa, haya, umeona? Hadithi inakwenda vizuri hivyo. Maisha na kifaa hayaendi hivyo. Ni kuchaji, kufuta jasho, kuandika daftari kila jioni: leo mlio sita kwa kumi, leo saba, leo sikuangalia. Hakuna mwongozaji atakayekupigia picha wiki ya tisa.

Na hakika yenyewe ni haba kuliko nilivyodhani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa watu 151, wengi wao wanajeshi na waliostaafu, wenye mlio mkali. Wengine walipewa vifaa kama vyangu, wengine vifaa bandia visivyofanya kazi ile, wengine huduma ya kawaida na ushauri. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno. Niliisoma nikiwa nimevivaa. Kuna kifaa kipya zaidi, Lenire, cha kampuni ya Ireland, kinachopiga sauti masikioni huku kikigusa ulimi kwa umeme mdogo. Mwaka 2020 walichapisha majaribio ya watu 326, na Machi 2023 Marekani ikakiruhusu. Wengi waliripoti nafuu. Ila katika majaribio yale ya 2020 kila kundi lilipewa kifaa cha kweli, tofauti ilikuwa kwenye mpangilio wa sauti na umeme, hakukuwa na kundi la kifaa bandia. Kwa hivyo nina matumaini nacho, na pia sina. Bei yake kwangu ni kama ya kiwanja.

Sasa nirudi kwa Joe, manake Joe ndiye moyo wa filamu. Paul Raci, aliyemwigiza, alilelewa na wazazi viziwi, na inaonekana kwenye mikono yake. Jamii ile ya viziwi ina meza ndefu ya chakula, ina utani, ina lugha. Kwetu pia lugha hiyo ina hadhi: Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Joe anapokataa kuuita uziwi ugonjwa, ana watu nyuma yake na ana lugha mikononi. Kimya kwake si ukosefu, ni nyumba. Sitaki kumnyang'anya nyumba hiyo, wala sitaki filamu ingesema vingine juu yake.

Ila filamu ikishampa Joe ukweli wake, inaufanya kuwa ukweli wa kila sikio. Ruben amepewa milango miwili tu: ajitengeneze au akubali kimya. Na mimi? Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, uliotoka 2022, ulikadiria kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya saba duniani amewahi kuwa na mlio huu, watu zaidi ya milioni 740. Wengi haliwasumbui sana. Kwa milioni 120 hivi, linasumbua sana. Hatuna meza ndefu. Hatuna lugha ya mikono. Hata Kiswahili chenyewe kinanipa maneno ya kuazima: mvumo, mlio, kengele, nyenje. Nikisema "masikio yanalia," mtu ananiuliza nani ananitaja.

Na hiki ndicho kiini cha ugomvi wangu. Watu wengi sana wanaopoteza usikivu ghafla kama Ruben hubaki na mlio. Kipandikizi cha koklea kikiwashwa, wengi mlio huwapungua, na wakikivua hurudi. Maana yake, pale kwenye benchi Paris, Ruben akivua vile vifaa, kuna uwezekano mkubwa asingepata kimya hata kidogo. Angempata nyenje wake. Filamu iliyojitolea kutuonyesha kila kinachopita sikioni mwake, ilifika mahali pa mwisho ikatuachia kimya cha studio badala ya kimya cha mtu.

Hata kwa wenye masikio mazima kimya cha namna ile ni adimu. Mwaka 1953, Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisikia kitu: mvumo, mlio, ukelele. Wahenga wetu walishalisema bila chumba: kimya kingi kina mshindo mkuu. Darasani tulifundishwa kwamba hiyo ni methali ya watu wanaonyamaza huku wamepanga jambo. Mi naona aliyeisema kwanza alikuwa mtu aliyejaribu kulala.

Nimekuwa nikitafuta kazi ya sanaa inayolikubali hilo, na niliyoipata si filamu. Ni ya mtu wa Bohemia, Bedřich Smetana, aliyeanza kupoteza masikio mwaka 1874. Mwaka 1876 aliandika kwarteti ya nyuzi kuhusu maisha yake, na sehemu ya nne inaanza kama harusi, kila mtu anacheza. Ghafla muziki unakatika. Vyombo vya chini vinatetemeka, na juu yake fidla ya kwanza inashika noti moja nyembamba, E ya juu kabisa, inaivuta. Ule ndio mlio wake, ameuandika kwa wino.

Niliisikiliza kwenye simu, nimekaa barazani kwetu, matatu za Magongo zinapita. Nilipoisikia ile E nilitoa kisikizi kimoja kuhakikisha haitoki kwangu. Kisha nikairudia. Nilichopenda zaidi ni kinachofuata. Smetana haifuniki noti ile kwa ngoma kama Baby, wala hainyamazishi kama Marder. Inapita, na baada yake muziki unarudi, lakini si ile harusi tena. Unarudi mdogo, unakumbukakumbuka nyimbo za mwanzo, unaisha polepole. Hakupona. Alikufa kiziwi, mwaka 1884. Ila katika miaka ile kumi aliendelea kuandika muziki.

Sisemi filamu ya Marder ingemalizia kwa nyenje badala ya kimya. Huenda watu wangetoka ukumbini. Nasema kazi inayochukua sikio la mtu kuwa mada yake ina deni la kulifuata hadi mwisho, hata pale ambapo mwisho haupendezi. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 60 mchana katika eneo la biashara na 35 usiku. Hiyo 35 ni karibu na mnong'ono. Kila mkazi wa Mwembe Tayari anajua mnong'ono wetu wa saa sita usiku una honi. Tunaishi kati ya kilichoandikwa na kinachosikika. Filamu kuhusu kusikia ingeweza kukaa hapo kati, kwenye baraza, si ndani kabisa wala barabarani.

Wiki iliyopita nilitimiza wiki ya kumi na mbili na vile vifaa. Mama alikuwa anakamua ndimu jikoni, redio ameipunguza kwa ajili yangu kama anavyofanya siku zote.

"Mwanangu."

"Labeka, Mama."

"Ile kelele, yapungua?"

Nikafanya uso wa Ruben. Niliuhisi ukija wenyewe, mashavu yakikaza kwa shukrani. Nilikuwa karibu kusema "imeisha," manake friji ilikuwa na haki ya kusikia hivyo. Daftari langu linasema vingine. Mlio wenyewe haujashuka hata kidogo. Siku ninazosahau kuuandika ndizo zimeongezeka, kutoka moja kwa wiki hadi tatu. Vikombe vya kahawa bado vinanishtua, lakini sikunji tena mabega. Na sijui kama ni shhhh iliyofanya hivyo, au ni muda, au ni yule mtaalamu aliyekaa nami saa nzima.

"Haijapungua," nikamwambia. "Ila naisahau kidogo."

Alikamua ndimu mbili zaidi bila kusema kitu. Kisha akaniuliza kama anaweza kuipandisha redio, kulikuwa na habari za bei ya sukari. Nikamwambia aipandishe. Akaipandisha, kidogo tu, akanitazama.

"Hapo?"

"Hapo sawa, Mama."